Gia ya Tatu Inakataa Kuingia

Nililala jana, nikaota niko uani natengeneza baiskeli ya marehemu mama mkwe wangu, Bi Kabula, aliyekuwa mkunga. Hata nikiwa macho, hiyo ndiyo kazi yangu ya wiki tatu sasa. Mke wangu Nyamizi alirithi ukunga na baiskeli. Ukunga unakwenda vizuri. Baiskeli ikianza kupanda kilima cha Mwisole gia ya tatu, ile nyepesi ya kupandia, inachomoka, naye anashuka kusukuma. Uchungu haumsubiri anayesukuma.

Basi nazungusha pedeli. Gia ya kwanza inaingia, inasalimu, inaketi kwenye kigoda. Ya pili vilevile. Ya tatu imesimama nje ya ua, mikono nyuma.

"Mbona huingii?"

"Sijakaribishwa."

"Karibu."

"Starehe," ikajibu, isisogee.

Nikachukua spana nikaze waya. Waya ukakohoa.

"Mihayo, umenikaza Jumatatu, umenikaza Alhamisi. Mimi ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi."

Niliuomba radhi, nikaulegeza kidogo. Ukashusha pumzi.

Mara ua umekuwa wodi ya wazazi. Baiskeli imelazwa kitandani, imefunikwa shuka hadi kwenye usukani. Bi Kabula anaingia na gauni lake jeupe la kazi. Mkwe hatazamwi usoni, kwa hiyo natazama kengele ya baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgonjwa analalamika nini?"

"Gia ya tatu haiingii. Nimekaza waya, nimebadilisha mnyororo."

"Nyuma umetazama?"

"Bado, mama."

"Wanaume," alisema, bila hasira.

Akafunua shuka kwenye gurudumu la nyuma. Kile kikono kinachohamisha mnyororo toka gia hadi gia kilikuwa kimepinda kwa ndani, kiasi cha unene wa ukucha.

"Niliiangusha mwenyewe, siku uchungu wa kumzaa Nyamizi uliponishika njiani. Tangu hapo nikawa napanda Mwisole kwa gia ya pili. Sikumwambia mtu."

"Mlango umekaa upande," gia ya tatu ikasema kutoka kizingitini. "Mtu mzima haingii kwa ubavu."

Nikanyoosha mkono. "Pisha," akasema Bi Kabula. Akaiambia baiskeli ivute pumzi, akakinyoosha kile kikono taratibu, kama anayemgeuza mtoto tumboni. Gia ya tatu ikaingia, ikaketi. Mama mkwe akaniegemea bega ili ainuke.

"Msalimie mwanangu."

Nikaamka. Jua lilishachomoza. Nyamizi alikuwa mlangoni akivua viatu, jasho linamtoka.

"Baba Limi, umeitengeneza saa ngapi? Nimeitwa alfajiri, nimepanda Mwisole yote bila kushuka. Mtoto alitanguliza miguu. Ningechelewa kidogo tu…"

"Mzima?"

"Mzima. Na mama yake."

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa safi.

"Sasa hiyo grisi begani?" akauliza.

Kwenye fulana yangu nyeupe kulikuwa na alama nyeusi za vidole vinne. Nyamizi akaweka vyake juu yake. Vyake vilikuwa virefu zaidi. Akajaribu tena, polepole, kisha akakaa kitandani.

"Hiyo fulana," akasema, "usiifue."