Magunia Arobaini Nyuma ya Pazia

Maneno yalianzia kwa fundi cherehani: madiwani watapita kwenye uwanja wa binti yangu asubuhi ya kikao, bila taarifa, na wakiona chupa moja chafu wanapiga kufuli. Nikamwuliza kayasikia wapi. Kwa mteja. Na mteja je? "Dada, mimi nashona, sichunguzi." Nikarudi nyumbani, nikatia chumvi kwenye chai.

Binti yangu anakusanya chupa za plastiki, anazisuuza, anazitoa vifuniko, kisha anazisaga na kuwauzia watengeneza ndoo. Kazi hiyo inalisha watu sita, na mimi wa saba. Kibali chake kilikuwa kinaisha, na jirani yetu mmoja, fundi redio mstaafu tunayemwita Antena, alikuwa amepeleka malalamiko halmashauri kwamba uwanja unanuka. Kikao ndicho kingeamua binti aendelee au afunge.

Nikamweleza habari za ukaguzi. "Mama, hakuna ukaguzi. Waje wasije, uwanja ni huu huu. Kapumzike." Yeye amesoma, mimi niliishia darasa la saba. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Basi mchana wa siku iliyotangulia kikao, binti alipokwenda kuchapisha barua zake, nikamwita mwenye mkokoteni. Safari tano, magunia arobaini. Shemeji yangu ndiye mtunza ukumbi wa halmashauri, nikamwomba anihifadhie siku moja tu.

"Shemeji, hapa ndipo watakapokaa kesho."

"Ndiyo maana hawatatafuta hapa."

Alifikiri kidogo, akaona nina akili. Tukayapanga jukwaani, nyuma ya pazia, mpaka juu.

Asubuhi binti akakuta uwanja mtupu kama kiganja. Nikamwambia, "Usiulize, nitakueleza baada ya kikao." Akanitazama vile anavyotazama chupa yenye mafuta. Na hakuna diwani aliyepita. Hata mmoja.

Kikaoni Antena alisimama, kiti cha mbele kabisa. "Mwenyekiti, pua yangu hii haijawahi kudanganya. Chupa zile nazisikia nikiwa hatua mia mbili, na madirisha nimefunga."

"Na hapo ulipo?" diwani wa kata yetu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akamwuliza.

"Hapa hewa safi kabisa. Si unaona naongea bila kukohoa?"

Kati ya pua yake na magunia kulikuwa na kitambaa tu. Jasho likaanza kunitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Aliongea nusu saa. Joto lilipozidi, mwenyekiti akamwambia shemeji afungue dirisha la nyuma ya jukwaa.

"Mheshimiwa, dirisha lile linaumwa."

"Linaumwa nini?"

"Bawaba."

"Basi fungua pazia tu, tupate upepo."

"Pazia nalo lina udhuru."

Diwani akainuka, akalivuta mwenyewe.

Gunia la juu lilitangulia, mengine yakafuata kama wageni waliosikia sinia limetua. Chupa zikabingirika mpaka miguuni mwa Antena. Chupa moja ilikuwa bado inatafuta pa kulala. Na kila gunia lina nambari ya simu ya binti yangu, kwa rangi nyekundu.

"Mama," akasema binti, bila kugeuka.

Nikasimama, nikaeleza yote, nikiamini nimemfungia mwanangu riziki kwa mikono yangu mwenyewe. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yapo hapa tangu lini?"

"Tangu jana mchana, mheshimiwa."

Akamgeukia Antena. "Mzee, ulisema hatua mia mbili?"

Antena akaokota chupa, akainusa. Akaigeuza, akainusa upande wa pili. "Nina mafua tangu juzi," akasema.

"Ulituambia pua yako haijawahi kudanganya."

"Haidanganyi. Leo haikusema kitu."

Kibali kikapita, mwaka mmoja, kwa masharti manne. Mashine isisage kabla ya saa tatu asubuhi. Uzio uinuliwe. Chupa zisuuzwe siku ile ile zinapofika. La nne limeandikwa kwenye muhtasari na kupigwa mhuri: mama mzazi asiingie uwanjani bila kusindikizwa. Binti ndiye aliyeliomba.

Kina mama wenzangu, mwenye mtoto mwenye biashara aepuke haya:

Kubeba habari ambayo aliyeileta hajui ilikotoka.

Kuhamisha mali ya mtoto wakati mwenyewe hayupo.

Kupanga magunia mpaka juu bila kuyafunga kamba.

Kumshirikisha shemeji asiyejua kudanganya.

Kuficha kitu ndani ya nyumba ya yule unayemficha.

Kumwambia mtoto "usiulize" siku ya kikao chake.