Nani Ataandika Kumbukumbu?

Mhadhiri wa kemia alianzisha kikundi cha kutetea usawa wa kijinsia chuoni akiwa na wanachama kumi na mmoja na viti saba. Walikutana kila Jumatano mchana katika stoo ya maabara, katikati ya mizani mbovu na maboksi ya chupa, na wote walikuwa wa kujitolea. Mama mkwe wake, aliyemlelea watoto siku hizo, alimuuliza mara moja tu:

"Mwanangu, hao unaowapigania wanajua?"

"Wengine wanajua, mama."

"Basi hao wanaojua waje wanisaidie kuwaogesha hawa pacha."

Mwaka wa kwanza kikundi kiliandika barua kumi na nne kwa uongozi, na zote zikajibiwa kwa lugha tamu. Mkuu wa kitivo, mtu mcheshi asiyekosa sherehe ya mtu, alihudhuria kikao kimoja. Akakaa dakika nane, akapigwa picha, akasema usawa anaujua vizuri kwani hata yeye amezaliwa na mwanamke.

Ndipo mwalimu wa historia, mwanachama mwenye ulimi mkali, alipokuja na hesabu yake. Alikuwa amepekua mafaili ya vikao vya kitivo vya miaka mitatu. Vikao hamsini na viwili, na kumbukumbu za vyote hamsini na viwili zimeandikwa na wanawake.

"Hata kile nilichochelewa," alisema. "Naingia wameshaanza, kalamu inanisubiri mezani."

"Wanasema tuna mwandiko mzuri," alisema mhadhiri wa kemia.

"Zote zinachapwa kwa kompyuta!"

Walicheka, kisha kicheko kikawakauka. Wakaazimia kwamba muhula mzima hakuna mwanamke atakayeandika kumbukumbu za kikao chochote cha kitivo. Hakuna bango, hakuna maandamano. Ukiombwa, unatabasamu na kusema leo hapana. Azimio lilipita bila kupingwa, ila ilichukua robo saa kumpata wa kuliandika.

Ijumaa kulikuwa na kikao cha kupandisha watu vyeo. Mwalimu wa historia alikuwa ameomba uhadhiri mwandamizi kwa mara ya tatu, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia. Mezani walikuwa wanaume wanane na mhadhiri wa kemia. Mkuu wa kitivo alimsukumia daftari bila kumtazama.

"Dada, tusaidie kama kawaida."

"Leo hapana, Mkuu."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa."

Mkuu akalisukuma daftari kwa wanaume. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana kidole kibovu. Mwingine alisema amesahau miwani, na miwani iko puani. Daftari lilizunguka meza nzima, likaishia kwa mzee wa hisabati, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na ambaye hakuwahi kusema uongo kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, uongo unachosha.

"Niandike nini?" aliuliza.

"Yanayosemwa tu, mzee wangu. Kazi ndogo."

Mzee akaandika yanayosemwa.

Jumatatu asubuhi kumbukumbu zilitumwa kwa kitivo kizima, kama kanuni zinavyotaka. Zilisomeka hivi:

"Mkuu alisema mwombaji ana makala kumi na moja, na aliyepandishwa mwaka jana alikuwa na nne. Mkuu alisema hata hivyo tusiharakishe, kwa kuwa mumewe ana kazi nzuri. Mhadhiri wa falsafa aliuliza kama hana mpango wa kuzaa tena. Mhadhiri wa kemia alisema hilo halihusiani. Mkuu alimshukuru, akaulizia chai. Chai ilichelewa. Ombi lilikataliwa saa tano na dakika kumi."

Mzee aliitwa ofisini kwa Mkuu kabla hajamaliza kipindi cha kwanza.

"Mzee wangu, umetuvua nguo!"

"Nimekosea neno gani?"

"Hujakosea hata moja! Ndiyo shida yenyewe!"

Wakati huohuo mwalimu wa historia aliingia stoo ya maabara na karatasi mkononi. Hakuwa akicheka.

"Zile mara mbili za kwanza nilipoomba," alisema, "kumbukumbu uliandika wewe."

Mhadhiri wa kemia aliweka chini chupa aliyokuwa akiifuta. "Niliandika kwamba mwombaji anahitaji uzoefu zaidi."

"Walisema hivyo?"

"Hapana."

Mhadhiri wa kemia alihisi uso ukimwaka. Miaka yote hiyo alidhani anasaidia kikao kionekane cha watu wenye heshima zao. Kumbe alikuwa akiwafulia maneno yao na kuyapiga pasi.

"Nisamehe, dada," alisema.

"Nitakusamehe baadaye. Unayakumbuka waliyosema?"

"Neno kwa neno."

"Basi kaa, uandike."

Aliandika kurasa sita, akaweka sahihi, zikaambatishwa kwenye rufaa ya mwenzake. Kamati kutoka nje ya kitivo ilizisoma kwa siku mbili. Kabla muhula haujaisha mwalimu wa historia alikuwa mhadhiri mwandamizi. Mkuu wa kitivo alibaki na kiti chake, akaandaa semina kubwa ya usawa, msemaji mkuu akiwa yeye.

Chuo nacho kiligundua kwamba kuandika kumbukumbu ni kazi nyeti inayotaka mtaalamu. Kikaunda cheo cha Mratibu wa Kumbukumbu, chenye ofisi yenye dirisha na vipindi vichache vya kufundisha. Siku ya kwanza waliomba watu tisa, wote wanaume. Siku ya pili wanachama watatu wa kikundi walijaza fomu. Mhadhiri wa kemia aliwasindikiza hadi ofisi ya utumishi, akasimama dirishani, na hakuondoka mpaka fomu zote tatu zilipopigwa muhuri mbele ya macho yake.