Pembetatu za Vitenge vya Alexis

Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi mmoja wa Bertrams, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, wanawake sita walikuwa wakishona pembetatu. Unachukua miraba miwili ya kitambaa, mmoja wa kitenge na mmoja mweupe, unailaza uso kwa uso, unapiga mstari wa chaki toka kona hadi kona, unashona pande zote mbili za mstari, kisha unakata katikati. Ukifungua na kupiga pasi unapata miraba miwili mipya, kila mmoja nusu kitenge, nusu nyeupe. Victoire, Mrundi aliyesimamia kikundi, alitaka mia moja arobaini na nne kabla baridi haijaingia.

Ulikuwa mfarishi wa fumbo, tandiko zito la kujifunika la vipande vilivyoungwa. Duka la vitambaa lilituma maelekezo kwenye simu ya Victoire, hatua moja kila Jumamosi, na hakuna aliyejua mwishoni utatokea mchoro gani. Wengine waliona raha. Léocadie, mjane kutoka Uvira, hakuona raha yoyote. Yeye alikuwa na fumbo lake moja, na jibu lake alilidhania limekaa mbele yake linatafuna karanga.

Jibu hilo lilikuwa Kidawa wa Tanga, muuza chapati. Mwaka juzi, siku wageni walipofukuzwa mtaani, kundi lenye marungu lilipita milango saba bila kugonga, likaenda moja kwa moja kwa Alexis, mume wa Léocadie, fundi cherehani. Mlango wake haukuwa na kibao. Lazima kuna mtu aliwaonyesha. Meza ya Kidawa ilikuwa jirani kabisa, na siku ile hata mafuta yake hayakumwagika. Alexis alifia hospitalini siku ya tatu. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda zao. Léocadie hakuwa na hamu nao tena. Alitaka Kidawa aseme kwa mdomo wake mwenyewe, basi.

Alimchukia. Alimchukia anavyokunywa chai, anavyocheka na kila mtu. Kikundini alikuja kwa sababu Kidawa alikuja, na vitenge alivyoleta ni mabaki ya Alexis, yale yaliyopona siku ile.

Jumamosi ya tatu pembetatu zikaanza kugeuka. Ukiziweka mezani, kila moja ilijizungusha taratibu mpaka kona ya kitenge ikamwelekea Kidawa. Kidawa alipokwenda kuongeza sukari, zilimfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Aliporudi, zikarudi naye.

Victoire alizitazama, kisha akatazama simu.

“Hatua ya tatu inasema zielekee dirishani ndiyo tupunguze kingo. Bi Kidawa, hebu kakae dirishani.”

Kidawa akachukua kikombe chake akahamia dirishani. Kazi ilikwisha mapema siku hiyo.

Tangu hapo wakawa wanampanga Kidawa kwanza, vitambaa baadaye. Kaa mlangoni, bibi. Sasa njoo kwenye jiko. Murielle, msusi kutoka Lubumbashi ambaye kwake kila mstari ulipinda, alisema hajawahi kushona vizuri namna hii.

Hatua ya mwisho ilitaka ncha zote zielekee katikati. Wakatandika vipande sakafuni, wakamsimamisha Kidawa katikati bila viatu, wakapiga magoti kumzunguka na pini mdomoni. Pembetatu zote zikamgeukia. Léocadie alikuwa karibu na miguu yake.

“Mama Kidawa, uko unaona vile zinakuangalia. Nani aliwaonyesha mulango?”

“Vitambaa vina mambo yake,” Kidawa akasema. “Angalia pini, utanichoma.”

“Useme tu. Sitaki kingine.”

Kidawa akasogeza mguu.

“Dada Léocadie, mwache atulie,” akasema Murielle. “Akisogea tutaharibu.”

Wakashona. Ilitokea nyota kubwa, na Victoire akaipiga picha.

Vitambaa vilikuwa vya Léocadie, kwa hiyo mfarishi akaupeleka yeye nyumbani. Haukulala. Kila alipoutandika ulijikunja, ukajiburuta mpaka mlango unaotazama kwa Kidawa, na mishono ikaanza kukatika. Akaurudisha ukumbini. Wakaujaribu kwa Murielle, wakaujaribu kwa Victoire mwenyewe. Mwisho wakamlaza Kidawa juu ya meza, wakamfunika. Ukanyooka bila kunyanzi hata moja.

“Haukufai, dada,” Victoire akamwambia Léocadie. “Unamfaa yeye tu. Tutafanyaje?”

Wanne wakainua mkono kukubali. Kidawa, akiwa amelala palepale mezani, akasema asante.

Baridi ya Juni iliingia vibaya. Léocadie alilala na makoti mawili. Kidawa alinenepa kidogo, na ngozi yake ikang'aa. Akiuanika mfarishi kwenye kamba, wateja waliangalia nyota imevutika upande gani ili wajue yuko jikoni au kaenda chooni. Hata watoto waliotumwa chapati walikuwa wameshajua kuisoma.

Asubuhi moja Léocadie akapanga foleni pale mezani. Kwenye kamba, vitenge vyote vya Alexis vilikuwa vimemgeukia Kidawa. Zamu yake ilipofika hakutaja idadi ya chapati.

“Useme,” akamwambia.

Kidawa akageuza chapati, akaibonyeza pembeni kwa kijiko ipate kuiva.

“Kwani sikusema, dada? Si nilisema asante siku ileile mliponipa mfarishi.”

Akamfungia chapati mbili kwenye gazeti, akamwekea mkononi. Mtu wa nyuma kwenye foleni akamwomba Léocadie asogee.