Guno la Mstari wa Nne

Mwalimu alikosea herufi ya tatu ya mstari wa nne, akaguna, akajisahihisha, akaendelea bila wasiwasi hadi mwisho. Nami, huku nje mezani kwangu, nikaacha kupanga kadi.

Kliniki ya macho ya dada ilikuwa vyumba viwili tu. Ndani alikaa yeye na vipimo vyake; nje nilikaa mimi, benchi la wateja na mdomo wangu usiolala. Mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya joto. Tangu utotoni baba alizoea kuwaambia wageni kwamba mkubwa amepewa akili, mdogo amepewa maneno. Wageni walicheka, nami nikacheka kuwashinda. Nilipokua, niliamini. Hata dada aliponipa kazi, nilijua amenihurumia.

Mwalimu huyu ndiye aliyetufundisha hesabu sote wawili. Dada alikuwa kipenzi chake. Mimi alinihamishia dawati la nyuma. Asubuhi ile hakunitambua. Aliipapasa meza yangu kabla ya kuketi, na nilipompa fomu akasema niijaze mimi, mwandiko wake mbaya. Mwandiko mbaya, yeye, aliyetuchapa kwa herufi zilizopinda. Alitaka cheti cha macho tu ili ahuishe leseni, maana ndiye aliyekuwa akiwapeleka wajukuu wake wanne shuleni kwa gari kila siku. Nikampigia soga, akanijibu kwa mkato, sikio lake likiwa mlangoni. Nikadhani ananipuuza kama zamani.

Lakini lile guno. Mama fundi cherehani aliyemtangulia alikosea palepale, akaguna vilevile, akajisahihisha. Mwalimu hakuwa anasoma. Alikuwa ameukariri ubao wa herufi kwa masikio, pale kwenye benchi, pamoja na guno la watu.

Tulikuwa na sheria: dada akiwa na mteja, siingii. Nikamwona ameshika muhuri. Niliogopa, kusema kweli, kuonekana mjinga mbele ya watu wawili walioujua ujinga wangu kuliko wote. Kisha nikawafikiria wale watoto wanne garini, nikainuka.

“Dada, mwombe asome kutoka mwisho kurudi mwanzo.”

Dada alinikata jicho. Hata hivyo alimwomba, na mwalimu akashusha mkono uliofunika jicho.

“Naona ukungu tu,” akasema. “Mkininyima hicho cheti, wale watoto wataniona nimekwisha.”

Dada aliuweka muhuri chini, akachukua tochi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, na bado yalikuwa yanatibika. Mwalimu hakutaka kusikia habari za upasuaji. Dada alimweleza kitaalamu, mpaka kwa michoro ambayo mzee wa watu hakuweza kuiona. Mimi nikaketi naye kwenye benchi, nikamuuliza habari za wajukuu: nani mtundu, nani anafanana na bibi yake. Alipofika kwa yule mdogo, aliyeota meno mapya ya mbele bila babu kuyaona, akaniuliza mwenyewe tarehe ya upasuaji iliyo karibu.

Alirudi baada ya miezi miwili. Alisimama mlangoni, akatazama ukuta, akatazama benchi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

“Wewe. Dawati la nyuma.”

“Naam, mwalimu.”

Akataka kujua niligunduaje. Nikamwambia siri yangu ya miaka yote: jedwali la kuzidisha nililikariri kwa kuwasikiliza wenzangu wa mbele, pamoja na makosa yao. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Tulicheka sote, na safari hii sikucheka ili kumwahi mtu. Nilikuwa na furaha, basi.

Dada alitoka ndani kuuliza kuna nini, akasimuliwa, akacheka pia. Kisha akachukua kadi ya mteja aliyefuata, akataka kumwita, akasita. Akainama karibu na sikio langu.

“Huyu,” akanong'ona, “wewe unamwonaje?”