Televisheni Kwenye Kahawa

Jumapili, bila kuniuliza hata kwa kunikonyeza, shemeji yangu Kobia alisimama kanisani akatangaza kwamba Ijumaa watu wote waende kwake kumtazama "binti yetu" Karwirwa akihitimu udaktari ng'ambo. Kwake kuna WiFi. Kwake kuna televisheni ya ukutani. Hema na viti alikuwa ameshakodi. Watu wakapiga makofi.

Binti yetu! Mwongera, mume wangu, alipofariki, ni huyu huyu Kobia aliyesema mbele ya wazee kwamba kumsomesha msichana ni kutia mbolea shamba la jirani. Hakutoa hata kalamu. Karwirwa alisomeshwa na kahawa yangu, na kahawa hiyo ilichumwa na wanawake wenzangu wa hapa Kanyakine. Ndivyo tunavyoishi: leo tunachuma kwako, kesho kwangu, na aliyelemewa anachumiwa bila kuulizwa swali. Sasa shamba limezaa, na mwenye hema amejitokeza kupokea pongezi za baba.

Nami nikasimama. 

"Asante shemeji," nikasema. "Lakini Karwirwa ataonekana kwa nyumba ya mama yake. Nyote mnakaribishwa kwangu."

Kobia akacheka. "Na WiFi gani, Mama Karwirwa? TV bila WiFi ni kioo ya kuchania nywele."

Kanisa zima likaangua kicheko. Nikaketi. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, na ukweli ni kwamba sikujua simu inaunganishwaje na televisheni. Televisheni ninayo, Karwirwa aliniletea alipokuja likizo. Mimi hutazama habari tu na kuizima.

Jumatatu nikaenda Meru mjini, pale Makutano, nikauziwa waya. Muuzaji aliapa kwamba utafanya kazi. Nilipofika nyumbani nikachomeka upande mmoja kwenye tundu la chaji na mwingine nyuma ya televisheni. Ikaandika: Hakuna mawimbi. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena, nikatukana kidogo. Kumbe si kila simu hutoa picha kwa tundu la chaji, na muuzaji hakuona haja ya kunieleza hilo.

Jirani yangu Ednah, mzaliwa wa Embu aliyeolewa huku, alinikuta bado napambana na waya.

"Hiyo tupa," akasema. "Mimi hutazama mahubiri kwa TV kila siku na sina WiFi. Washa tu WiFi ya simu, hata kama hakuna ya kushika. Kwa TV tafuta pale inapokea skrini ya simu. Zitashikana zenyewe, hazipitii kwa mtu. Internet itatoka kwa bando yako."

Hazipitii kwa mtu. Nilimfanya ayarudie maneno hayo, yalivyonifurahisha. Simu ikatafuta, ikaiona televisheni, nikagusa jina lake, na mara kila nilichokuwa nacho kiganjani kikatokea pale mbele, kikubwa kama dirisha. Nilimkumbatia Ednah karibu nimwangushe.

Furaha ilikatika tulipojaribu video. Nyumba yangu iko bondeni na mtandao huko chini ni wa kubembelezwa. Picha ilisonga kidogo, ikasimama. Mahali pekee ambapo simu yangu hupata mtandao vizuri ni juu kwenye kahawa, karibu na miti ya mukima, ile ya kivuli.

"Basi TV iende kwa kahawa," nikasema.

Ednah akanitazama kuona kama natania. Sikuwa natania.

Ijumaa wanawake walikuja kila mmoja na extension yake. Tuliziunganisha kutoka sebuleni, zikapita kando ya zizi la ng'ombe, zikapanda shambani hadi juu. Meza ikawekwa kati ya mistari ya kahawa, televisheni juu yake, na turubai la kuanikia maharagwe likatandazwa juu ili jua lisiile picha. Watu wakaketi kwenye magunia. Walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, nami nikajiona mkubwa, sikatai.

Mama mkwe wangu Ciakuthii, mamake Kobia, ndiye aliyenishangaza. Anaishi kwa Kobia. Alipanda shamba na mkongojo wake, polepole, tukampa kiti cha pekee kilichokuwepo.

"Kule kuna viti nyingi," akasema akihema. "Lakini nilisikia mjukuu wangu ako huku."

Nikafungua link ambayo Karwirwa alikuwa amenitumia mimi peke yangu, sherehe ikaanza. Majina yakawa yanaitwa, na hatimaye tukamwona Karwirwa kwenye foleni, na joho lake jeusi. Vigelegele vikapaa mpaka ng'ombe akajibu.

Mara picha ikaganda. Simu ikalia mkononi mwangu, na juu ya televisheni, mbele ya kijiji kizima, likatokea jina SHEMEJI KOBIA pamoja na picha yake amevaa tai. Watu wakanigeukia. Kwetu mjane hakati simu ya kaka mkubwa wa mumewe.

Nikakata.

Karwirwa akarudi, amesogea mbele kwenye foleni. Kobia akapiga tena, nami nikakata tena. Kisha ujumbe ukashuka kwenye skrini, kila mwenye macho akausoma: "Lete hiyo simu hapa sasa hivi. Unaniaibisha mbele ya wageni." Nyuma yangu mtu akacheka kwa pua.

 Miaka yote ile hakuuliza mtoto amekula nini, na leo anataka kumzimia siku yake. Nikaligusa jina lake na kulishikilia. Maandishi makubwa yakatokea: Ungependa kumzuia Shemeji Kobia?

Kidole changu kikasimama. Kobia sikumwogopa. Lakini nyuma yangu alikuwa ameketi mamake.

"Hapo kumeandikwa nini?" Ciakuthii akauliza. Yeye hajui kusoma.

 Nikageuka nikamtazama usoni.

"Mama, simu inauliza kama nimfungie Kobia, asinipigie tena."

Akaweka mikono yote miwili juu ya mkongojo. Nilijua nikimkosea huyu mama sina pengine pa kwenda kuomba radhi.

"Na Karwirwa ako wapi?" akauliza.

"Ako nyuma ya hayo maandishi."

"Mfungie," akasema. "Ananizibia mtoto."

Nikabonyeza, na Karwirwa akapanda jukwaani mbele yetu sote.