Lita Arobaini za Shukrani

Dadacha alifika kwenye kiwanja cha ndege cha Garsen na kibuyu cha maziwa begani, akitembea kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Miguu yake ilikuwa imejaa tope hadi magotini. Mto Tana ulikuwa umetapakaa mashambani, barabara ya kwenda Malindi imekatika wiki ya pili sasa, na aliyetaka kutoka Garsen kwa haraka hakuwa na njia ila angani.

Angani ndiko alikopita binti yake Sabdio, kabla ya mafuriko. Alikuwa na uchungu wa kuzaa siku mbili, hajui tena nani amemshika mkono, ikaja ndege ndogo nyeupe ya injini moja ikampeleka hospitali. Alirudi na mtoto wa kiume mwenye sauti kama ya fahali. Tangu siku hiyo Dadacha alikuwa akitafuta namna ya kushukuru. Kwao Waorma, mtu akinywesha ng'ombe wake kwenye kisima alichochimba mwenzake, haondoki akaacha hori tupu. Huteka maji akalijaza, ndipo akaswaga mifugo yake, maana nyuma kuna mwingine anakuja na kiu. Hakuna anayemkumbusha. Akisahau, habari zake zitamtangulia hadi Nanighi, mbali kule juu mtoni.

Sabdio naye alikuwa amenywa kwenye hori la ndege. Dadacha aliona kwa macho yake mafuta yakipigwa pampu kutoka kwenye pipa hadi kwenye ubawa, na kila sauti ya pampu aliihesabu kama pumzi ya binti yake. Basi jana alikwenda kwenye kituo cha mafuta mjini, akajaza petroli madumu mawili ya lita ishirini, akayapakia juu ya punda. Alipofika kiwanjani, Kassim mlinzi alikuwa ameenda kuswali Alasiri. Dadacha hakumngoja. Hakutaka kuonekana kama mtu anayejitangaza. Alifungua kifuniko cha pipa lililokuwa limepungua, akamimina taratibu asimwage hata tone, akafunga, akaenda zake. Hata mkewe hakumwambia.

Leo alikuwa ameleta maziwa tu, kwa ajili ya Kassim na rubani. Lakini alipozunguka kibanda cha mafuta, alikuta hakuna anayetaka maziwa.

Ndege ilikuwa imesimama, tangi zake zimekaribia kukauka baada ya safari ya asubuhi kule Nanighi. Kivulini mwa ubawa, juu ya machela, alilala mwanamke aliyefunikwa leso, na muuguzi amemwinamia akishikilia chupa ya maji ya dripu. Kassim alikuwa amesimama mikono imening'inia, kama mtu aliyevuliwa kitu mwilini. Mbele yake alisimama Nuriya, msichana kutoka mji wa Kipini aliyetoka chuo kikuu mwaka jana na shahada ya kemia, ambaye kazi yake ilikuwa kuyatunza mafuta yale. Mkono mmoja alishika fimbo ya kupimia, mwingine chupa ya kioo.

"Shikamoo, Mzee Dadacha," alisema, sauti yake haina nguvu.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Nuriya alimgeukia mlinzi. "Kaka Kassim, nakuomba. Juzi niliacha lita themanini ndani ya pipa hili, nimeandika kwenye daftari. Leo fimbo inaniambia mia na ishirini."

"Wallahi sijui, dada."

"Mafuta hayazai," alisema Kapteni Ishmael, rubani, huku akijifuta jasho shingoni.

"Sasa Kapteni, ni mwizi gani huyo anayeiba akaongeza?" Kassim alilalamika. "Mimi nimeona wezi wengi, huyo sijamwona."

"Mwizi asiyejua hesabu. Ulinyonya ya ndege ukauza, ukarudishia ya gari, mkono ukazidi."

Dadacha alihisi kibuyu kimekuwa kizito begani. Alikitua chini. "Kwani ya gari ina nini?" aliuliza polepole. "Si petroli yote ni petroli?"

Nuriya aliinua chupa kuelekea jua. Hata katika hali ile hakuweza kumnyima mtu jibu. "Tazama, Mzee. Mafuta ya ndege hii hutiwa rangi ya bluu ili mtu asikosee. Haya yamepauka. Ndani ya ile bluu kuna madini ya risasi kidogo, na hiyo ndiyo inayoifanya injini ivumilie kazi nzito bila kugonga na kujivunja. Petroli ya gari haina risasi. Kwa mtu anayeivuta puani ina nafuu, lakini injini hii haikuundwa kwa ajili yake. Tena joto likizidi hugeuka mvuke ndani ya mabomba, mafuta yakakatika. Gari likizima utalisukuma kando ya barabara. Ndege utaisukuma wapi?"

"Kuna ndege za zamani zimeruhusiwa kutumia ya gari," rubani aliongeza. "Niliwahi kurusha moja. Hii haimo."

"Na pipa lile la pili?" muuguzi aliita kutoka chini ya ubawa.

Nuriya aliangalia pipa la pili, lililokuwa limelazwa kando yake. "Nilikata lakiri yake wiki jana. Tulitumia kidogo tu."

"Basi nalo silijui," alisema Kapteni Ishmael. "Rangi yake ni nzuri, sawa. Lakini petroli kidogo ikichanganywa, jicho halioni. Aliyechezea moja ameshindwaje kuchezea la pili? Siwezi kumweka mama mjamzito nyuma yangu nikaruka kwa kubahatisha. Nitapiga simu Malindi walete mapya."

"Lini?" muuguzi aliuliza.

"Kesho asubuhi, kama mawingu yatafunguka."

"Kesho ni mbali," alisema muuguzi. Hakupaza sauti. "Elsie hana kesho ya kungoja."

Ndipo Dadacha alipomjua mgonjwa. Alikuwa Elsie wa Golbanti, Mpokomo, mke wa Komora mkulima wa mpunga. Zilikuwako siku, na hazijapita nyingi, ambapo Waorma na Wapokomo hawakuteka maji pamoja. Alizisikia sauti ambazo bado hazijasemwa: Mworma ametia kitu kwenye ndege ya kumchukua Mpokomo. Nani angeamini habari ya hori na shukrani? Angeweza kubeba kibuyu chake akarudi bomani, na hakuna ambaye angejua. Kassim angefukuzwa kazi. Na Elsie...

Chini ya ile leso, mguu wa Elsie ulikuwa ukitetemeka. Mguu wa Sabdio ulitetemeka vivyo hivyo, hapo hapo, chini ya ubawa ule ule.

"Ni mimi," alisema Dadacha.

Wote wakamgeukia.

"Kassim mwacheni. Kassim alikwenda kuswali. Mimi nilikuja jana na punda, nikatia petroli. Madumu mawili, kila moja ishirini. Sikutoa hata tone. Binti yangu alipanda ndege hii, nikaona nisiache pipa limepungua. Nilidhani najaza hori."

Nuriya alimtazama mzee yule aliyesimama na tope miguuni, akiwa amenyoosha mikono mbele kama anayetaka ifungwe kamba, na macho yake yakajaa machozi.

"Madumu mawili tu, Baba? Una hakika?"

"Punda alikuwa mmoja."

"Themanini na arobaini..." Nuriya aliinua daftari. "Mia na ishirini. Sawasawa na fimbo, Kapteni. Hakuna kilichoibwa."

Kapteni Ishmael alimsogelea Dadacha hadi wakakaribiana nyuso. "Mzee, nisikilize vizuri. Pipa la pili uliligusa?"

"Sikuligusa."

"Kwa nini?"

Dadacha alishangaa swali. "Lilikuwa limejaa kuliko mwenzake. Nani anatia maji kwenye hori lenye maji?"

Rubani akageuka. "Nuriya, pima la pili. Likilingana na daftari, tunaruka."

Walilisimamisha pipa, likatulia. Nuriya alizamisha fimbo mara mbili. Mara zote mbili ilisoma mia sitini na tano, na daftari lilisema mia sitini na tano. Alichota kidogo kwenye chupa kutoka sehemu ya chini kabisa, akaitazama kwa muda mrefu: bluu safi, wala hamna tone la maji lililojitenga. Akaweka faneli yenye ngozi laini, ile inayopitisha mafuta na kuyazuia maji.

"Ngozi?" Dadacha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ngozi, Baba."

"Mzee," Kapteni Ishmael aliita akiwa juu ya ubawa, "si ulitaka kujaza? Shika pampu."

Dadacha alishika mpini. Alivuta na kusukuma, akihesabu kwa Kiorma kama anavyohesabu ndoo za kisimani, hadi mikono ikawaka moto. Wakati ndege ilipokimbia juu ya matope na kuinuka, bado midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Walibaki watatu. Nuriya alimgeukia Kassim. "Nisamehe, kaka. Nilikushuku."

"Mimi nilianza kujishuku mwenyewe," alisema Kassim, akajimiminia maziwa. "Nikajiuliza, labda usiku natembea nikiwa nimelala."

Nuriya alimletea Dadacha sabuni na maji, akamwambia anawe hadi viwikoni. Ile risasi, alieleza, ni sumu. Mikono isipooshwa huifikisha kwenye chakula, kisha kwa watoto, nayo huila akili ya mtoto polepole pasipo mtu kujua.

Dadacha alisugua vidole. "Kwa hiyo ile isiyo na sumu ingemuua Elsie, na hii yenye sumu inamwokoa?"

"Kwa leo, ndiyo. Lakini kuna watu huko duniani wanatengeneza mafuta ya ndege yasiyo na risasi. Yakifika hapa, Baba, nitakuita uje uyapige pampu wewe." Aliyasema kama jambo la wiki ijayo. Dadacha alimwamini.

Pipa lililochanganyika lilipakwa msalaba mwekundu, likawekwa kando lisubiri kuondolewa barabara itakapofunguka. Alasiri simu ya Nuriya ililia. Alisikiliza, akaketi chini kwenye nyasi, akasema, "Msichana. Na mama yake ameomba chai."

Dadacha aliomba radhi, akaenda nyuma ya kibanda kulia peke yake.

Aliporudi alisema bado hajashukuru. Nuriya alifikiri kidogo, akamwonyesha paa la kibanda: mabati yametoboka, jua na mvua vinayapiga mapipa, yakipata joto mchana na baridi usiku huvuta unyevu ndani. Kivuli kizuri kingeyatunza mafuta yale kuliko dumu lolote.

Kesho yake Dadacha alikuja na miti mirefu juu ya punda. Alikuwa anachimba shimo la nguzo ya tatu alipomwona Komora, mume wa Elsie, akivuka kiwanja ananyata kwenye tope, amevaa shati lake la Jumapili, na kichwani amebeba dumu la njano la lita ishirini. Harufu ilimtangulia.

"Habari ya asubuhi," alisema Komora, uso wake unang'aa. "Samahani, Mzee. Lile pipa la ndege ni lipi? Nimeleta kidogo cha kuongezea."

Kassim alianguka juu ya udongo wa shimo kwa kicheko. Nuriya aliweka mkono kinywani.

Dadacha hakucheka. Aliacha jembe, akamfuata Komora, akalipokea lile dumu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto. Akaliweka chini mbali na mapipa.

"Ndugu yangu," alisema, akimshika mkono, "umefanya vizuri sana. Njoo ushike mti huu, nikueleze."