Peremende za Marlys

Kila mwaka mwezi wa Aprili, katika ukumbi wa chini wa Chuo cha Horebu, familia ya Wiersema hula chakula cha mchana na msichana wanayemlipia masomo. Mimi nilialikwa mara moja tu, mwaka 2018, kwa sababu msichana wa mwaka huo alikuwa mjukuu wangu Tessa. Sitaalikwa tena. Sijalia.

Bahasha ya chuo ilifika Februari. Tessa alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa anapiga kinanda cha kanisa vizuri kuliko mtu yeyote hapa kwetu kaskazini-magharibi mwa Iowa, na ufadhili wa kumbukumbu ya Marlys Wiersema hupewa mpiga kinanda. Bila ufadhili ule alikuwa na mlango mmoja tu wa kuingia: kiwanda cha kuchinja nguruwe. Baba yake yuko mle kwenye vyumba vya ubaridi, mama yake yuko kwenye kusafisha utumbo. Mimi nilikaa kwenye mstari wa kukata kwa miaka thelathini na minane, nikaacha vidole viwili na kuanzisha chama cha wafanyakazi ambacho wenye kiwanda hawajanisamehe mpaka leo. Harufu ya mle huingia kwenye nywele. Unaoga mara tatu, unakaa mezani, na bado mkeo anajua ulikuwa upande gani wa nguruwe siku hiyo. Tessa alikuwa ameivumilia kwa watu wengine maisha yake yote. Hakutaka kuwa nayo mwenyewe.

Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya karatasi nzito yenye picha ya msichana mwenye nywele zilizopandishwa juu. Chini yake waliandika: Marlys Joy Wiersema, 1949 hadi 1969, binti mpole, mpiga kinanda, mwanafunzi mpendwa wa Horebu, aliyeitwa nyumbani na Bwana baada ya ugonjwa mfupi. Halafu masharti. Mpokeaji ataiandikia familia barua ya shukrani akieleza alichojifunza katika maisha ya Marlys, na ataisoma mbele ya wageni siku ya chakula.

Tessa aliiweka kadi ile kando ya kikombe changu cha kahawa.

"Babu, wewe ulimjua huyu. Niambie alikuwa mtu gani, nisije nikaandika upuuzi."

Nikamwambia. Nami sina kumbukumbu ya kuchagua kama ya wakubwa. Nakumbuka mpaka rangi ya soksi.

Jumapili ya pili ya Oktoba mwaka 1968 Marlys alisimamishwa mbele ya kanisa letu. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Msichana aliyevunja amri ya saba, ile ya uzinzi, kosa likishaanza kuonekana tumboni, alisimama pale mbele, mchungaji akasoma maneno kutoka kitabuni, akamwuliza kama anatubu, naye akajibu ndiyo. Kisha kanisa zima lilisimama, kuonyesha kwamba limempokea. Mwanamume wake hakusimama popote. Alikuwa mwalimu pale pale Horebu, mwenye mke na gari jipya, na jina lake halikutajwa siku ile wala siku nyingine.

Wasichojua watoto wa siku hizi ni habari ya peremende. Kwetu mahubiri hayaanzi mpaka mama amefungua mkoba na kupitisha peremende nyeupe kwenye benchi, mtu hadi mtu. Siku ile akina mama walichanganyikiwa, kwa kuwa toba haikuwa na wakati wake kwenye desturi ya pipi, basi wakazipitisha Marlys alipokuwa anatembea kwenda mbele. Kwa hiyo msichana yule alisimama pale na gauni la buluu lililombana, akasomewa uchafu wake, na watu mia tatu wanamtazama huku wanamung'unya. Ulikuwa unasikia meno. Kuna mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anaivunja yake kwa magego, kro, kro, kama farasi.

Na mimi nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mchungaji alipoinua mikono, nilisimama na wenzangu, pipi imekaa shavuni.

Jumatano chuo kilimfukuza, kwa barua. Ijumaa baba yake alitoa sanduku lake akaliweka barazani na kufunga mlango. Waliompokea Jumapili, hakuna hata mmoja aliyempokea Ijumaa. Mimi nilikuwa naendesha lori la nguruwe kwenda Sioux City, nikamkuta barabarani karibu na ghala za mahindi, nikampakia. Hakulia. Aliniuliza kama nguruwe huwa wanajua wanakopelekwa. Nikamwambia sidhani. Akasema, "Basi wana bahati." Nilimshusha kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga karibu na mto, na alipokwenda nikaona amesahau mfuko wenye viatu vyake vya kinanda, vile vyeusi vya soli nyembamba, vya kukanyagia noti za chini kwa miguu. Nikasema nitampelekea wiki ijayo. Ilipofika nikasema ile nyingine. Februari alijifungua peke yake katika chumba kile, akavuja damu usiku kucha, akafa yeye na mtoto. Kaka yake, Gerrit, ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Huo ndio ugonjwa mfupi.

 Tessa akaniomba vile viatu. Nilivitoa gereji, kwenye ndoo ya misumari mirefu, mahali ambapo mke wangu hakuwahi kutafuta kitu kwa miaka yote ya ndoa yetu. Tessa akavigeuza, akapitisha kidole kwenye ncha ya kiatu cha kushoto palipolika.

"Alikuwa anaegemea sana noti za chini," akasema. "Kama mimi."

Akaandika barua. Aliandika yote, bila tusi hata moja, kurasa mbili, na mwisho akasema amejifunza kwamba mtu anaweza kupokelewa kanisani na bado akakosa pa kulala. Aliituma mapema, kama masharti yalivyotaka. Siku ya tatu aliitwa na Bi Brandsma, mwanamke wa ofisi ya wafadhili pale chuoni, mwenye sauti ya kumbembeleza paka. Bi Brandsma alikuwa ameipitia kwa kalamu. Alieleza kwamba familia bado ina majonzi. Miaka hamsini, na bado majonzi yao hayawezi kuguswa, kama kidonda cha sultani. Alikata kusimamishwa, akakata kufukuzwa, akakata Sioux City, akakata mtoto. Mahali pa yote hayo aliandika kwamba Marlys alipenda muziki na alimtumikia Mungu kwa furaha. Tena akamwambia Tessa, kwa upole kabisa, kwamba kwenye orodha kuna msichana mwingine, binti wa mchungaji, anayesubiri.

Tessa alinionyesha karatasi ile jikoni. Nilipandwa na hasira mpaka nikasimama. Nikamwambia asome ile ya kwanza. Nikamwambia watu wa namna hii wanaishi kwa sababu wengine wanameza, na mimi nimewapinga maisha yangu yote, na yeye ni damu yangu. Nilihutubia jiko lile kama uwanja wa mgomo.

Alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi.

"Babu, ulipokuwa na umri wangu ulisema nini?"

"Nilisimama."

"Na pipi mdomoni."

"Na pipi mdomoni."

"Basi usinipe mimi kazi uliyoikimbia wewe. Wewe una pensheni. Mimi nina hiki kinanda tu."

 Nimewajibu mameneja, mawakili na mapolisi, lakini yule mtoto alinifunga mdomo kwa sentensi tatu.

Basi siku ya chakula ikafika. Meza kumi, vitambaa vyeupe, vimkate vyenye nyama ya paja la nguruwe, jeli ya kijani yenye karoti zilizokwaruzwa ndani, kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Gerrit Wiersema alikaa meza ya mbele na mkewe Lavonne. Ana miaka sabini na moja sasa, ana mabanda ya nguruwe katika wilaya tatu, na ana ngozi ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana. Nilivuta kiti changu nikae, nikaona kitu juu ya sahani.

Kila mgeni aliwekewa kimfuko cha wavu, kimefungwa kwa utepe wa zambarau. Kwenye utepe wamechapa Marlys Joy kwa herufi za dhahabu. Ndani ya kimfuko, peremende sita nyeupe.

 Nawaapia, nimefanya kazi kwenye damu inayofika vifundoni na sijawahi kutapika, lakini pale nilishika meza. Na walizila! Meza nzima ilikuwa inafungua vimfuko. Mwanamke wa karibu yangu, mke wa mzee wa kanisa, aliniambia ni wazo zuri, linakumbusha ibada za zamani. Nikamwambia kweli, linakumbusha sana.

Tessa alisoma barua ya Bi Brandsma. Aliisoma vizuri, wala hakunitazama. Wakapiga makofi. Akapewa bahasha ya ufadhili na kupigwa picha kando ya picha ya Marlys, msichana aliyefukuzwa na chuo kile kile, sasa amewekewa maua na chuo kile kile. Ndipo Gerrit akainuka na kusema, "Tusimame, kwa heshima ya dada yangu."

Viti vikakwaruza sakafu. Watu themanini wakainuka, mashavu yamejaa.

Mimi nilibaki nimekaa. Sikuwa nimepanga. Miguu ndiyo iliyokataa.

Walipoketi, Gerrit akaja mpaka mezani kwetu, Lavonne nyuma yake. Akaniwekea mkono begani. Tessa alikuwa amesharudi, amekaa pembeni yangu na bahasha yake mkononi.

"Goti, ndugu Durwin?" akauliza.

"Goti ni zima. Nilishasimama kwa ajili yake mara moja. Wewe ulikuwa benchi la mbele."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote, kwamba hakushtuka. Aliinama, akashusha sauti, pumzi yake ikanijia usoni na harufu ile tamu, baridi.

"Ndugu Durwin, hayo yalipita. Sisi kama familia tulishamsamehe zamani."

Tulishamsamehe. Alisema kama mtu anayekuonyesha zawadi.

"Mlimsamehe nini?" akauliza Tessa.

Gerrit akamgeukia, anatabasamu. Lavonne akasema, "Kunywa kahawa, mwanangu, isije ikapoa."

"Nauliza tu, mzee," akasema Tessa, na safari hii kwa sauti ile anayoitumia kuwatajia wanakwaya namba ya zaburi, inayofika ukutani na kurudi. "Kadi inasema aliugua. Mlimsamehe ugonjwa?"

Meza za karibu zikanyamaza, kisha za mbali. Gerrit alifungua mdomo. Nikamwona anatafuta. Akilitaja kosa, kadi ni uongo, na utepe, na ukumbi mzima. Asipolitaja, hakuna cha kusamehe. Pipi ilikuwa juu ya ulimi wake, naiona, nyeupe. Akafunga mdomo. Bi Brandsma alikuwa anakuja mbio kwa viatu vya visigino.

"Binti," Gerrit akasema mwishowe, "hujui ilivyokuwa nyumbani kwetu."

"Kweli sijui. Ndiyo maana nimeuliza."

 Tessa akangoja, muda wa kutosha kabisa, akiwa amekaa wima kama anayesubiri mchungaji amalize sala. Kisha akaiweka bahasha ya ufadhili juu ya sahani, juu ya jeli, ikazama kidogo.

"Mpeni yule binti wa mchungaji," akasema. "Ila mwambieni kwanza."

Kwenye gari nilitaka kucheka, nilitaka kupiga honi mji mzima. Aliniona.

"Usifurahi, Babu. Sikufanya kwa ajili yako."

"Najua."

"Hujui. Jumatatu utaniamsha saa kumi na moja alfajiri. Mama ameshaongea na msimamizi wa kiwanda, tangu siku ile ya kalamu."

Nikaendesha. Maili nne, mabanda ya Gerrit kushoto na kulia.

Nilimwamsha Jumatatu, na kila siku iliyofuata. Walimweka kwenye utumbo na mama yake. Jumapili anapiga kinanda amevaa viatu vya Marlys, na Gerrit anakaa benchi lile lile la mbele, anaimba, anapitisha peremende.

Juni likaja jarida la chuo. Hulituma kwa kila nyumba, hata kwa adui. Ukurasa wa tano palikuwa na picha ya binti wa mchungaji kando ya Marlys, na chini yake barua aliyoiandikia familia, iliyogusa mioyo ya wengi. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya Tessa, ile iliyopitiwa kwa kalamu, neno kwa neno, na jina la mwingine chini. Ilimfaa msichana yule bila kubadilishwa kitu. Ingemfaa yeyote.

Nilimpa Tessa jarida lile alipotoka kuoga mara ya tatu, nywele zinadondosha maji. Alisoma amesimama. Harufu ilikuwa bado ipo.

"Kumbe kwa Bi Brandsma hakuna kinachotupwa," akasema. Akalikunja jarida, akalitandika sakafuni, akaweka viatu vya kiwandani juu yake vikauke.

"Saa kumi na moja, Babu," akasema, akaenda kulala.